Kupanga na Shangazi Yupo

Malindi, Agosti 1986

Rukia mwanangu,

Salamu tumepeana asubuhi na leo jioni tutakula sahani moja, basi sina haja ya kukuuliza u hali gani. Hali yako naijua. Kesho unapanda basi la Nairobi, moyo wako ushatangulia, na unaogopa kuniacha na kinyongo. Hali yangu ndiyo huijui. Ndiyo iliyoniketisha hapa ukumbini na kalamu mkononi tangu alasiri, wewe ukiwa Gede kumuaga bibi yako. Nikingoja urudi nikwambie kwa mdomo tutagombana tena, maana huo mdomo wako umeutoa kwangu, na nikikusikia ukijibu najisikia mwenyewe.

Kuketi kwenyewe siketi. Naandika mstari, nainuka. Nimelifungua sanduku lako nikatia leso, nikaona huko haina kazi, nikaitoa, kisha nikairudisha kwa sababu mwanamke hasafiri bila leso hata kama anakwenda kuchora ramani. Nimekwenda kutazama mlango wa uani kama umefungwa, na mlango huo mchana haufungwi. Sista Wanjiru amenipita akienda bombani akanitupia jicho lile la wauguzi, la kutafuta pa kutia kipimajoto. Nikamwambia naandika barua. Akaniuliza ya nani, nikamwambia ya mtu anayelala chumba cha pili. Akacheka akaenda zake.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kushika mkoba vizuri unapovuka barabara. Hayo utayajua, na usipoyajua mji utakufunza. Nataka kusema habari ya chumba, ile iliyotufanya tununiane wiki nzima.

Uliniambia ukipiga pasi, hukuinua uso. "Mama, nimepata chumba Ngara. Karibu na ofisi. Nitapanga." Nami nikakurukia, "Kupanga na shangazi yako yupo? Unataka watu waseme nimezaa mtoto asiye na kwao?" Nilikuwa nishamwandikia shangazi yako Mwanaisha tangu siku ile ulipopata kazi, kabla hata sijakuuliza wewe. Ni dada wa marehemu baba yako, ana nyumba yake Majengo, huko huko Nairobi, vyumba sita na ukumbi katikati kama nyumba zetu za huku, na hakuna mtu wa pwani aliyefika pale akarudishwa. Alikuwa ashakutengea chumba. Wewe unajua na mimi najua kwamba kwetu sisi mtu hapangi katika mji wenye ndugu yake. Akipanga huwa ashamtangazia huyo ndugu, bila kufungua kinywa, kwamba nyumba yake haifai au roho yake mbaya. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyokulea.

Nawe ukaweka pasi chini ukaniambia, "Mbona wewe unawapangisha watoto wa wenzako? Sista Wanjiru naye hana kwao?"

Nikakwambia nenda katazame wali usiungue. Ulikwenda, ukarudi ukashika pasi, na sote wawili tulijua kwamba siku ile jikoni hapakuwa na wali.

Sasa nakueleza kwa nini nilikutuma jikoni.

Wewe ulishakaa Nairobi, Rukia. Hukumbuki, ulikuwa ukitambaa. Baba yako alipata kazi ya ukarani katika stoo moja ya mbao, uhuru ukiwa bado mpya na kila mtu anakimbilia huko. Tulifikia kwa Mwanaisha, tungefikia wapi tena. Alitupokea kwa mikono miwili, na hili nalisema mapema usije ukadhani namsengenya. Vyumba viwili vilikuwa vitupu, akatwambia tuchague. Kimoja cha ndani, kimeshikana na jiko, kina kidirisha cha kupitisha mkono. Kingine cha pembeni, dirisha kubwa, linatazama uwanja. Tulitazamana mimi na baba yako, hatukuhitaji hata kusemezana. Sisi huku chumba tunakichagua kwa upepo. Wewe mwenyewe umewaona wanaokuja kutazama vyumba vyangu: wanasimama katikati, wanainua uso, wanangoja. Mimi nami mjanja, huwaonyesha saa za upepo kuvuma. Chumba kisicho na upepo kwetu ni tanuri.

Basi tukachukua cha dirisha kubwa, na nikamwona wifi yangu anaguna. Ulipofika mwezi wa sita nikajua alichogunia. Upepo wa kule haukuja kutupepea. Wewe ulianza kukohoa, ukakohoa usiku na mchana. Tuliziba dirisha kwa gunia, juu ya gunia tukatia busati, na bado shuka zikalala baridi kama zimetoka kufuliwa. Wanawake wa nyumba ile, wote wa huku, wa Lamu, wa Mambrui, wa Takaungu, walinicheka mpaka wakashika mbavu, kwa sababu kila mmoja alipofika alichagua chumba kile kile. Tukahamia cha jikoni. Ukapona. Mwanaisha ndiye aliyekukanda kifua kwa mafuta ya moto, usiku baada ya usiku, mimi nikiwa nimeishiwa na nguvu. Nataka ulijue hilo pia.

Kosa hilo ni dogo, nami nalicheka. Linalofuata silicheki.

Unajua kwamba najua cherehani. Hujui kwamba niliajiriwa kwa ajili yake. Nilikwenda dukani kununua uzi, nimekubeba, na mwenye duka akalitazama gauni ulilovaa akaniuliza nani ameshona. Nikasema mimi. Akaligeuza upindo, akaangalia ndani, akaita mkewe naye aangalie. Nyuma ya duka walikuwa na chumba kirefu cha kushonea sare za shule. Jumatatu iliyofuata nilikuwa nimeketi mle.

Mwanangu, sijapata kukwambia wala kumwambia mtu jinsi nilivyoipenda kazi ile. Nilipenda hata kelele. Mashine zikianza zote pamoja asubuhi, sakafu ilitetema mpaka nyayo zikawasha. Walinipa kola, kwa sababu kola ndiyo inayowashinda wengi, na mimi zilikuwa zikinitii. Nikitembea njiani nikaona kundi la watoto wa shule nilikuwa nawatazama shingo. Wewe nilikuacha na binti mmoja wa nyumba ile, ulimpenda, hukulia hata siku moja.

Sasa nyumba ya Mwanaisha, kama nyumba zote za ndugu, ilipika chungu kimoja. Wanawake tulipika kwa zamu. Zamu yangu ikifika mimi niko kazini. Nilijitolea kupika alfajiri, wakaniambia, "Hapana, dada, pumzika, tutakupikia." Nikajitolea kununua mboga ya siku mbili. "Hapana, dada, mboga ipo." Hakuna aliyenikaripia. Laiti wangenikaripia! Nikiingia jioni, maongezi yalikuwa yanashuka, halafu mtu ananiuliza kwa upole, "Leo mmeshona ngapi?" Nikapakuliwa chakula kingi kuliko wote, nikakila kama dawa. Haukupita mwezi, akafika mtu kutoka huku na maneno ya bibi yako, huyo huyo unayemuaga sasa: "Nasikia mwanangu siku hizi anamlisha mumewe kwa mikono ya wenzake." Yalikuwa yashafika Gede, yashajadiliwa, na yashanirudia, na mimi kule Majengo hakuna aliyenitamkia hata moja.

Nimeinuka tena. Nimerudi. Kulikuwa na mtu barazani anauliza chumba, nikamwambia hakuna, na kumbe chumba chako kesho kitakuwa kitupu. Sikuweza kulitamka.

Baba yako aliliona. Alikuwa mtu wa maneno machache lakini alikuwa na macho. Jioni moja akanishika mkono nje ya duka la sare, akanitembeza njia ambayo si ya nyumbani. "Nimeona chumba mtaa wa Pangani," akaniambia. "Kidogo, lakini chetu. Utapika ukirudi, hata ukipika usiku hakuna atakayekuuliza."

Unajua nilimjibu nini? Karibu neno kwa neno, Rukia, kama nililokujibu wewe ukipiga pasi. "Kupanga na dada yako yupo? Watu watasemaje?"

Akacheka kidogo. "Watu gani?"

Nilikuwa nawajua wote kwa majina.

Niliacha kazi. Niliwaambia wenye duka mtoto anaumwa, na hukuwa unaumwa. Wale wanawake wa nyumbani walifurahi kweli, walinipikia biriani, na mimi nikashukuru. Mshahara wa mtu mmoja Nairobi haukututosha. Mwaka haukuisha tukarudi, baba yako akapata kazi Marereni kwenye mabwawa ya chumvi. Wewe unamkumbuka baba wa mwisho wa wiki, mwenye miguu iliyopasuka na macho mekundu kwa mng'aro wa yale mabwawa. Unakumbuka ulivyokuwa ukimpaka samli nyayo. Yule alikuwa karani, mwanangu. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wako.

Hakunilaumu. Mara moja tu, mwaka wake wa mwisho, tulikuwa tunapaka chokaa chumba anachokaa Wanjiru sasa. Akasimama, burashi mkononi, akasema, "Kile cha Pangani kilikuwa na rangi ya kijani." Kisha akaendelea kupaka. Nilimshikia ngazi. Nilitaka aanguke, nilitaka anitukane, nilitaka chochote. Akamaliza ukuta akaniomba chai.

Kwa hivyo uliponiambia Ngara nilipaswa kuruka kwa furaha. Badala yake nilikwambia watu watasema. Sijui mtu anawezaje kujua moto unaunguza na bado akamsukumia humo mwanawe. Naona ni kwa sababu ndio moto ninaoujua. Ngara siijui. Sijui anayelala chumba cha kando yako, sijui nani atakukanda kifua ukikohoa. Kwa Mwanaisha najua utaumia wapi na utaponea wapi. Nimelifikiria hili wiki nzima, likinizunguka kichwani nikiwa sokoni, nikiwa kwenye swala, Mungu anisamehe.

Wanjiru alipokuwa akirudi kutoka bombani nilimsimamisha. Nikamwuliza, "Hebu nambie, ulipokuja Malindi mara ya kwanza ulikuwa unajua nani?"

"Sikuwa najua mtu, Mama. Nilikujua wewe, na wewe ulinijua baada ya kuona kodi."

"Na mamako huko kwenu? Hakuogopa?"

Akaweka ndoo chini. "Aliogopa sana. Mpaka wa leo akiniandikia haulizi mambo ya kazi. Anauliza tu, 'Huyo mama wa nyumba bado ni mzuri kwako?' Mimi huwa namwambia ni mzuri."

"Hata ile wiki ya kwanza?"

Akainua ndoo yake, akatabasamu. "Hiyo wiki sikumwandikia."

Unaikumbuka ile wiki. Nilimngoja mlangoni alfajiri nikamwuliza, mbele ya wapangaji wote, ni msichana gani anayerudi nyumbani saa za adhana. Alikuwa katika sare yake nyeupe, viatu mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, ametoka kuzalisha watu usiku kucha. Nilimwomba radhi baadaye, lakini leo ndiyo nimeelewa nilikuwa nani pale mlangoni. Nilikuwa wale wanawake wa Majengo, wote kwa pamoja, na sikuhitaji hata kujifunza.

Nikaiacha barua hii mezani, nikajitupia buibui, nikaenda dukani kwa Bwana Ramji kupiga simu.

Nimerudi sasa, buibui sijalivua. Simu ya Nairobi ilichukua muda kuunganishwa, na duka lilikuwa limejaa watu wa sukari na unga. Shangazi yako hana simu, nilipiga kwa duka la jirani yake wakaenda kumwita. Nikaongea kwa sauti ya juu maana laini ilikuwa inakwaruza, kwa hivyo Malindi nzima ishajua, tena kwa kinywa changu mwenyewe.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Mtoto keshaondoka?"

"Kesho. Lakini hatafikia kwako, wifi. Atapanga. Ngara."

Nikasikia laini tu ikikwaruza. Kisha akasema, "Atapanga? Na mimi nipo?"

"Na wewe upo."

"Nambie nilomkosea. Chumba nishakipaka rangi, kitanda nishakitia. Nambie nilomkosea huyu mtoto."

"Hujamkosea kitu."

"Basi ni wewe. Wewe ndiwe ulokosewa kwangu, ukakaa nalo roho miaka yote hii."

Hapo, mwanangu, ningeweza kusema la. Miaka yote nimesema la, ndiyo adabu niliyofunzwa. Bwana Ramji alikuwa anapima sukari polepole ili asikie. Nikasema, "Nilikosewa, wifi, ndiyo. Lakini nilijikosea mwenyewe, chini ya paa lako. Sitaki naye ajikosee."

Alilia, au alikuwa anahema, sikujua. Kisha sauti ikawa kavu. "Haya. Chumba nampa mwengine. Na wewe ukija Nairobi kumtazama mwanao, usifikie kwangu. Mwenye mtoto aliyepanga hufikia kwa mtoto wake." Akakata.

Sijui kama nimefanya vizuri. Nimempoteza wifi niliyempenda, na pengine sijakufaa kitu. Huenda hicho chumba cha Ngara ni kibovu. Mimi ni mwenye nyumba, nawajua wenzangu: ukikuta chokaa mbichi ukuta mmoja tu, ukuta huo unavuja, na ukiambiwa maji yapo, uliza yapo saa ngapi. Ukikuta kibovu, hama. Usikae mahali kwa sababu ulinibishia ukataka kunionyesha. Hilo nalo ni kukaa kwa ajili ya macho ya watu, ila watu wenyewe ni mimi.

Na upweke utakupata. Sikwambii uongo. Kuna jioni utarudi na hakuna atakayekuuliza umechora ngapi, na utatamani hata wale wa kukuuliza kwa upole. Tafuta mtu mmoja katika jengo hilo ajue jina lako na ajue ukiwa huonekani. Mmoja anatosha. Na Jumapili ya kwanza nenda Majengo ukamwamkie shangazi yako. Atakununia. Keti, kula atakachokupakulia, mshike miguu. Nenda na Jumapili ya pili. Yeye ndiye aliyekuponya, na hasira yake ni haki yake. Nakutumikisha kulipa kosa langu, naliona hilo, na nakuomba hivyo hivyo.

Nasikia sauti yako barazani, unaamkiana na wapangaji. Nitaitia barua hii katikati ya nguo, utaikuta hukohuko. Ukikumbuka kwamba usiku wa leo hukuona dalili yoyote usoni mwangu, ujue nilikuwa najikaza.

Nakupenda, Rukia. Nina hofu, na nakupenda.

Mwezi wa kumi na mbili, Mungu akinipa uzima, nitakuja. Nairobi nzima sasa sina pa kufikia ila kwako. Maishani mwangu sijawahi kusimama nje ya mlango wa mwanangu, nimekuwa nikiingia tu. Huko nitabisha hodi, na nitakaa papo hapo nje na mzigo wangu mpaka mwenye chumba aniambie karibu.

Mama yako